Nikiacha Hisabati sasa, nitakuwa nimefunga milango gani?

Msomaji wetu mwenye umri wa miaka 16 anauliza: "Shuleni kwetu tunatakiwa kuchagua masomo matatu tutakayosoma kwa miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Historia naipenda kuliko yote, Baiolojia naipenda na huwa nafanya vizuri, Kemia ni ya wastani, na Hisabati napata kati ya 58 na 64 lakini siipendi hata kidogo. Baba anataka nisome udaktari. Mwalimu wangu anasema nichague tu masomo nitakayopata alama za juu. Mimi mwenyewe leo nawaza udaktari, kesho uchumi, keshokutwa sheria. Nikiacha Hisabati sasa, nitakuwa nimefunga milango gani?"

Swali lako, mwanangu, ni bora kuliko mengi ninayoletewa, kwa sababu hukuniuliza uje kuwa nani, jambo ambalo wewe hulijui bado wala mimi silijui, bali umeuliza uamuzi wa mwezi huu utafunga nini. Hilo lina jibu, nami nitalitanguliza kabla ya maelezo. Ukiacha Hisabati, sheria inabaki wazi karibu kila mahali na udaktari unabaki wazi katika vyuo vingi, lakini uchumi unafungwa katika vyuo vingi vyenye ushindani, na pamoja nao zinaondoka fani ambazo hukuzitaja kabisa, kama uhandisi, takwimu na sayansi ya kompyuta. Ukiacha Kemia, ambayo umeiita ya wastani kisha ukaipita haraka, unaofungwa ni udaktari wenyewe, na nyuma yake famasia na sehemu kubwa ya fani za afya. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye udaktari bado umo kwenye mawazo yake, somo la kwanza la kujihadhari nalo ni Kemia, hata kama barua yako yote inailalamikia Hisabati.

Nieleze nimefikaje hapo. Chuo kikuu kinapopokea maombi yako huuliza maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama una masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, na jibu lake ni ndiyo au hapana, halina katikati. La pili ni kama alama zako zinawazidi wenzako walioomba nafasi zilezile, na hilo ni suala la mashindano. Mwalimu wako amekujibu swali la pili peke yake. Baba yako, bila shaka kwa upendo, anafikiria la kwanza peke yake. Wote wawili wana haki, ila ushauri wa mwalimu hauna maana yoyote mpaka swali la kwanza liwe limejibiwa, kwa kuwa alama za juu katika masomo ambayo kozi haiyahitaji hazifidii somo linalokosekana.

Tanzania inatoa mfano ulio wazi. Huko ufaulu wa kidato cha sita hubadilishwa kuwa pointi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kiwango cha chini cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza kimekuwa pointi 4 kutoka masomo mawili. Mwanafunzi mwenye A mbili za Historia na Kiswahili ana pointi 10, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, na bado hawezi kuandikishwa udaktari, ilhali mwenzake mwenye D tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6 tu, amekidhi sharti la kuomba. Kama atachaguliwa ni habari nyingine, kwa sababu wanaoomba udaktari ni wengi na wengi wao wana alama nzuri mno. Lakini yeye yumo ndani ya mashindano na yule wa kwanza hayumo.

Uganda kumekuwa na utaratibu mwingine unaoonyesha jambo hilohilo kwa hesabu, na ninapenda kuutumia hata kwa wanafunzi wasiohusika nao. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya umma huko vimekuwa vikiyapa masomo uzito tofauti kulingana na kozi: somo lililo la msingi kwa kozi huzidishwa mara 3, linalohusiana nayo kwa karibu huzidishwa mara 2, la ziada linalofaa huzidishwa mara 1, na lisilohusika huzidishwa kwa nusu. A ya huko ni pointi 6 na D ni pointi 3. Sasa chukua kalamu. D katika somo la msingi inakuwa 3 mara 3, yaani 9. A katika somo lisilohusika inakuwa 6 mara nusu, yaani 3. Alama ambayo ungeona aibu kuipeleka nyumbani imeizidi mara tatu ile ambayo ungeibandika ukutani. Si nchi zote zinazoandika uzito huo kwa namba, lakini maofisa wa udahili wengi hupima kwa mizani inayofanana na hiyo vichwani mwao.

Baada ya hapo kuna mtego wa jina la kozi, ambao huwanasa hata wazazi wasomi. Mtu akitaka kusoma uchumi hudhani anahitaji somo la Uchumi. Akitaka kompyuta, somo la Kompyuta. Akitaka sheria, somo lolote lenye harufu ya sheria. Mara nyingi sivyo. Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mfano, kinadai Hisabati kwa anayeomba uchumi, wakati somo la Uchumi lenyewe si sharti. Sababu yake inaonekana ukifungua kitabu cha uchumi cha mwaka wa kwanza: gharama ya kuzalisha kitu kimoja zaidi hutafutwa kwa kukokotoa mabadiliko ya gharama yote, na huo ni utafutaji wa mnyambuliko, mada ya Hisabati. Mhadhiri anaweza kumfundisha mgeni maana ya mfumuko wa bei kwa wiki mbili, lakini hawezi kumfundisha miaka miwili ya aljebra na kalikulasi huku akiendelea na mihadhara. Ndivyo ilivyo kwa sayansi ya kompyuta, ambako Hisabati huulizwa kabla ya somo la Kompyuta. Kanuni ninayoifuata ni kwamba vyuo hudai somo ambalo haviwezi kulifundisha upya kwa haraka, na masomo ya aina hiyo ni machache: Hisabati, Kemia, Fizikia, na lugha kwa anayetaka kuendelea nayo katika ngazi ya juu.

Kemia inaingia kwenye orodha hiyo kwa sababu imekaa katikati ya sayansi nyingine. Dawa hufanya kazi mwilini kwa kemia, chakula humeng'enywa kwa kemia, udongo hulisha mmea kwa kemia. Chuo Kikuu cha Oxford kinapodai masomo kwa ajili ya udaktari kinataka Kemia, kisha angalau moja kati ya Baiolojia, Fizikia na Hisabati. Soma tena mpangilio huo: Baiolojia, ambayo kila mtu angedhani ndiyo somo la madaktari, imewekwa katika kundi la kuchaguliwa, na Kemia imesimama peke yake. Vyuo vingine vinadai Kemia na Baiolojia zote mbili, na kwingineko, kama nilivyosema kuhusu Tanzania, Fizikia nayo ni ya lazima. Kemia ndiyo isiyokosekana katika orodha hizo zote.

Nikuongezee swali la tatu ambalo chuo hakiulizi kwenye fomu lakini huja kukuuliza baada ya kukupokea, nalo ni kama utauvuka mwaka wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana niliyekuwa nimemsaidia, ambaye alikubaliwa kusoma shahada ya sayansi ya viumbe hai katika chuo kilichodai Baiolojia "na somo lingine lolote", na somo lake lingine lilikuwa Jiografia. Alikunjua ratiba ya muhula wa kwanza mezani kwangu, akapitisha kidole mstari kwa mstari: kemia ya kikaboni, biokemia, takwimu, fizikia kwa wanasayansi wa viumbe hai, stadi za mawasiliano. Kisha akainua macho akaniuliza, "Mwalimu, Baiolojia yenyewe iko wapi?" Ilikuwa ndani ya biokemia, na ndani ya takwimu pia, naye alikuwa akizifuata kwa shida darasani pamoja na wenzake waliokuwa wakizirudia tu. Alihitimu, lakini kwa kurudia mitihani miwili. Tangu siku ile simruhusu mwanafunzi kuangalia sifa za kujiunga bila kuangalia pia orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, ambayo vyuo vingi huiweka wazi kwenye tovuti zao.

Hapo panahitaji uangalifu wa kusoma, na nasema hivi kwa sababu sentensi za udahili ni fupi na kila neno lina kazi. Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa mfano wa zile utakazokutana nazo: "Mwombaji awe na ufaulu wa C katika Kemia na somo moja kati ya Baiolojia, Fizikia au Hisabati, Fizikia inapendekezwa." Neno "na" linadai vyote viwili, kwa hiyo bila Kemia hakuna mazungumzo zaidi. "Moja kati ya" inakupa nafasi ya kuchagua, lakini ndani ya yale matatu tu, na Historia yako haimo hata ukiipata A. "Ufaulu wa C" ni wa kila somo lililotajwa, si wastani, kwa hiyo A ya Baiolojia haiiinui D ya Kemia. Na "inapendekezwa" ndilo neno la adabu kupita yote, kwa maana chuo hakitakukataa kwa kukosa Fizikia, ila nafasi zikiwa 60 na waombaji wenye sifa wakiwa 400, aliyefuata pendekezo anaweza kuwekwa mbele yako. Mahali penye ushindani mkali, mimi husoma "inapendekezwa" kana kwamba imeandikwa "inatakiwa".

Angalia pia mwaka wa mwongozo. Niliwahi kumshauri mwanafunzi kwa kutumia mwongozo wa mwaka uliotangulia, nikiamini kwamba hakuna kilichobadilika, kumbe kozi aliyoitaka ilikuwa imeongeza somo moja katika masharti yake. Tulilibaini mapema kidogo, akabadilisha, lakini alikuwa amekwisha kupoteza wiki sita za masomo, na kosa lilikuwa langu. Wewe utaomba chuo baada ya miaka miwili, kwa hiyo hata mwongozo wa leo si ahadi. Ndiyo maana ni busara kuchagua masomo yanayokidhi masharti ya vyuo kadhaa kwa pamoja, badala ya kujifunga kwenye kiwango cha chini cha chuo kimoja.

Kama shule yenu ina zaidi ya aina moja ya Hisabati, usitosheke na jina. Katika International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari ambamo mwanafunzi husoma masomo sita na kwa kawaida matatu kati yake katika ngazi ya juu, tangu 2019 kumekuwa na Hisabati za njia mbili: moja inaegemea uchanganuzi na kalikulasi, nyingine inaegemea matumizi na takwimu. Zote mbili ni Hisabati halali, lakini baadhi ya vyuo vinavyofundisha uhandisi hukubali ya kwanza tu. Kwingineko kuna Hisabati kubwa inayohesabiwa kuwa somo kamili, na Hisabati ndogo inayosomwa pembeni na wanafunzi wa sayansi wasiochukua ile kubwa. Hiyo ndogo huwasaidia sana watu wa aina yako, kwa kuwa kozi nyingi zinazotaka mtu asiwe mgeni kabisa wa hesabu huikubali, ingawa uhandisi na uchumi wa vyuo vikubwa mara nyingi hauikubali. Ipo hata nchi inayotoa zawadi: Ireland, tangu 2012, humwongezea pointi 25 mwanafunzi anayefaulu Hisabati ya ngazi ya juu, hata kama kozi anayoiomba haina uhusiano wowote na hesabu.

Baada ya kukutisha kiasi hicho, ni haki nikuambie pia kisichofungwa. Sheria haidai somo maalumu katika vyuo vingi. Inataka alama nzuri na mtu anayeweza kusoma kurasa nyingi na kujenga hoja, na Historia ni mazoezi mazuri ya kazi hiyo kuliko masomo mengi. Siasa, uandishi wa habari, sosholojia na falsafa nazo hazina lango jembamba. Saikolojia huingilika kwa masomo mengi, ila ndani yake kuna takwimu za kutosha, na wengi hushtuka. Kuna nchi ambako uamuzi wenyewe huja baadaye: katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi huweza kutangaza fani yake mwishoni mwa mwaka wa pili, na udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Usidhani hata hivyo kwamba huko Kemia imesamehewa, kwa kuwa shule nyingi za udaktari hutaka uwe umeisoma chuoni.

Huenda utaambiwa pia kwamba kuna orodha ya masomo "mazito" yanayofungua kila kitu. Orodha ya namna hiyo ilikuwapo Uingereza, ambako kundi la vyuo vya utafiti liitwalo Russell Group, ambalo sasa lina vyuo 24, liliichapisha mwaka 2011 likitaja Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia, Historia, fasihi ya Kiingereza na lugha. Mwaka 2019 kundi hilohilo liliiacha, likawaelekeza wanafunzi waangalie masharti ya kila kozi. Naona walifanya vyema, maana shule zilikuwa zimeanza kuichukulia orodha ile kama amri na kudharau sanaa na muziki, wakati mwombaji wa usanifu majengo, kwa mfano, huweza kudaiwa mkoba wa michoro ambao Fizikia haiwezi kumchorea.

Sasa nirudi kwako. Kama vyuo unavyovifikiria vinaruhusu udaktari bila Fizikia, ningekuwa mimi ningechukua Baiolojia, Kemia na Historia, tena bila kusitasita sana, kwa sharti kwamba uchumi umekwisha kuuaga moyoni. Masomo hayo yanaacha udaktari na sheria vyote wazi, na yanakupa somo moja unaloliendea kwa furaha, jambo ambalo katika miezi ya mwisho kabla ya mtihani lina thamani kuliko washauri wengi tunavyokiri. Kama uchumi bado unakuita, nafasi ya Historia ichukuliwe na Hisabati. Na kama udaktari katika nchi yako unadai Fizikia, basi huna nafasi ya tatu ya kuchezea, kwa kuwa masomo yako ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, pamoja na ile Hisabati ndogo kama ipo. Historia hapo utaisoma kwa mapenzi yako, na sheria bado itakupokea.

Lakini kabla hujaiandika Hisabati chini ya masomo unayoyaacha, nataka ufanye jambo moja. Mtu anayepata 58 mpaka 64 katika somo asilolipenda hata kidogo si mtu asiyeliweza. Toa karatasi zako tatu za mwisho za mtihani, upekue ulipopoteza alama. Ukikuta zimepotea mahali pamoja, tuseme kwenye jiometri au kwenye maswali ya maneno, una shimo moja linalozibika kwa likizo moja yenye mwalimu mzuri. Ukikuta zimepotea kila mahali, kidogo kidogo, na ulifanya bidii kweli, basi chuki yako ina msingi, na miaka miwili ya Hisabati kubwa inaweza kukushusha alama hata katika Kemia kwa kula muda wake. Nimeona hali zote mbili, na kwa kuangalia alama ya jumla peke yake huwezi kuzitofautisha.

Kuhusu baba, usiende kwake na neno "sitaki". Chora jedwali la kozi tatu na vyuo vitatu kwa kila kozi, andika masomo yanayodaiwa na yanayopendekezwa, kisha mpe alisome mwenyewe kabla hamjazungumza. Wazazi wengi wanaposhikilia udaktari wanachoogopa ni mtoto kujifungia njia, na karatasi inayoonyesha kwamba udaktari bado umo ndani ya chaguo lako huwatuliza kuliko maelezo ya saa nzima. Akiuliza kwa nini Historia imo, mwonyeshe mstari wa sheria.

Kabla ya kurudisha fomu, muulize mwalimu wa taaluma mambo mawili: siku ya mwisho ya kubadilisha somo baada ya muhula kuanza, na kama ratiba ya shule inaruhusu Kemia na Historia kusomwa na mwanafunzi mmoja, kwa maana shule nyingi huviweka vipindi vyake saa ileile. Kama vinagongana, niandikie tena ukiambatanisha ratiba na lile jedwali, tuone ni kipi cha kusogeza.